Mvinyo Mkongwe wa Kiitaliano, Zabibu za Dodoma na Pamba ya Maswa: Nani Anaweza Kungoja?

Najua nimepotea kidogo. Nipo Maswa kwa ajili ya TP, nafundisha historia kidato cha pili na cha tatu, na mtandao wa huku una tabia ya kuja ukitaka wenyewe. Ila hoja hii imenikaa kichwani wiki nzima, nikaona bora niitoe kabla haijachacha.

Leo nataka kuongelea mvinyo. Tena si mvinyo wowote, ule mwekundu wa Kiitaliano ambao watu wanauweka chini ya nyumba miaka kumi, ishirini, halafu wanaufungua kwa heshima kama wanafungua kaburi la mfalme. Najua wengine mtaguna: mwana wa Usukuma, tena wa bumu la kuunga-unga, umejuaje hayo? Tulieni. Na wale msiotumia kilevi msikimbie, historia haina asilimia. Tena hoja yenyewe ikifika mwisho mtakuta inahusu pamba na baba zetu kuliko inavyohusu chupa.

Tuanzie darasani. Mada yetu ilikuwa mahusiano ya mwanzo kati ya Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati. Kama wote mnavyokumbuka kutoka O-level, hapo lazima utaje kitabu kiitwacho Periplus cha Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Kigiriki wa Misri katikati ya karne ya 1 BK. Jina lake halijulikani. Anaelezea bandari za pwani yetu hadi mji wa Rhapta, ambao wataalamu wanauweka sehemu fulani ya pwani ya Tanzania bara na bado wanabishana ni wapi hasa. Kawaida tunawadesesha wanafunzi orodha: kutoka kwetu yalitoka meno ya tembo, pembe za faru na magamba ya kasa, kutoka kwao vikaja mikuki, vishoka, visu na vitu vya kioo. Tunafunga daftari.

Ila mwandishi yule ameongeza kitu ambacho notisi zetu nyingi zinakiruka. Anasema sehemu nyingine walileta mvinyo na ngano, tena si kwa ajili ya kuuza, bali kujipatia urafiki wa wenyeji. Yaani ilikuwa takrima! Miaka karibu 2,000 iliyopita mtu anakuja na mtungi, anakumiminia, mnacheka, halafu ndipo mnaanza kuongelea bei ya pembe. Nilipowaeleza hivyo darasa lilichangamka, na binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza swali ambalo halimo kwenye silabasi: "Mwalimu, huo mvinyo ulitoka wapi?"

Swali tamu kweli. Kitabu hakitaji asili ya mvinyo wa Rhapta. Lakini kinasema meli zilizokuja huku zilikuwa za watu wa Muza, kwenye pwani ya Yemeni ya leo, na kwamba nchi ya Muza yenyewe ilikuwa na mvinyo mwingi. Kwa hiyo wa karibu zaidi kudhaniwa ni wa Kiarabu. Mvinyo wa Italia nao umetajwa kwa jina: ulifika Adulis kwenye Bahari ya Shamu, huko Eritrea ya leo, na ulifika Barygaza kule India, ambako anasema ndio uliopendwa kuliko mingine. Hivyo Italia ilikuwa tayari iko kwenye maji yetu, inakatiza, inaangalia.

Sasa turuke hadi Italia ya miaka ileile. Aliishi mtu anaitwa Plinio Mzee, mwandishi aliyekufa mwaka 79 BK wakati mlima Vesuvius ulipolipuka. Yeye na yule wa Periplus ni watu wa kizazi kimoja. Plinio aliandika kuhusu mvinyo wa mwaka 121 KK, mwaka ambao Opimius alikuwa konsuli wa Roma. Jua lilikuwa zuri mwaka ule, mvinyo ukawa bora ajabu, na watu wakautunza hadi zama zake, yaani karibu miaka 200. Anasema ulikuwa umegeuka mzito kama asali, huwezi kuunywa peke yake, na bei yake haishikiki. Mvinyo wenye sifa kuliko yote kwa Warumi uliitwa Falernum, ukitoka kwenye miteremko ya mlima Massico katika mkoa wa Campania. Kulikuwa hadi na hadithi ya kejeli ya mwandishi Petronius, ambamo tajiri mmoja mshamba anawatolea wageni mitungi yenye kibandiko cha Falernum ya Opimius ya miaka mia. Yaani kujionyesha kwa chupa hakukuanza na wale jamaa wa VIP.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi walivyotunza. Warumi walitia mvinyo kwenye mitungi ya udongo ya lita kama 26, wakaziba mdomo, na mitungi mingine wakaipandisha kwenye dari la juu ambako moshi wa jiko ulipita. Joto na moshi viliuharakisha mvinyo kuzeeka. Nilipoisoma hiyo nikamkumbuka bibi. Bibi alikuwa anatundika mbegu za mahindi juu ya jiko ili moshi uzikinge na bungua. Na hapa Maswa nani hajui michembe na matobolwa? Viazi unavikata, unavianika vikiwa vibichi vinakuwa michembe; ukivichemsha kwanza halafu ukakata na kuanika, matobolwa. Vinakaa miezi na miezi, na njaa ikibisha hodi unakuwa na cha kumjibu. Kila jamii ina kitu inachojua kukiwekea muda. Tofauti ni kwamba michembe unaitunza isiharibike, lakini mvinyo mkongwe unautunza ili UWE bora. Muda wenyewe ni kiungo.

Lakini maarifa hayo yalipotea kwa karne nyingi. Dola ya Roma ilipoanguka upande wa magharibi, mitungi iliyozibwa ikaachiwa nafasi mapipa ya mbao. Pipa ni jepesi kubingirisha, ila linapitisha hewa, na hewa nyingi inaugeuza mvinyo kuwa siki. Kwa hiyo Ulaya ya zama za kati ilikunywa mvinyo mchanga. Wa mwaka jana ulikuwa unauzwa kwa kutupa. Mambo yakabadilika karne ya 17, Waingereza walipoanza kuyeyusha kioo kwa makaa ya mawe na kupata chupa ngumu, na kizibo cha gome la mti wa koki kikarudi kazini. Karne ya 18 chupa zikarefushwa umbo, zikaweza kulazwa. Ikilala, mvinyo unagusa kizibo, kizibo hakikauki, hewa haipiti ovyo. Kitu kidogo hivyo, lakini bila hicho hakuna chupa ya miaka thelathini.

Na Italia yenyewe, sifa ya mvinyo mwekundu wa kuwekwa miaka si ya kale sana kama tunavyodhani. Barolo wa mkoa wa Piemonte ulichukua sura yake karne ya 19. Kule Montalcino, Toscana, familia ya Biondi-Santi ndiyo inayohesabiwa kuanzisha Brunello tunayoijua, na mwaka wao wa sifa ni 1888. Chupa chache za mwaka huo zilihifadhiwa kwenye ghala la familia hadi zama zetu. Leo kungoja kumeandikwa kwenye sheria. Barolo haitoki sokoni kabla ya miezi 38, ambayo 18 kati yake iwe kwenye pipa la mbao. Hebu piga hesabu wadau: unaingia mwaka wa kwanza siku zabibu zinakamuliwa, unasota vimbweta, unapiga TP mbili, unavaa joho, na Barolo bado haijaruhusiwa kuuzwa! Brunello ndiyo kabisa, inatoka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno.

Msidhani Waitaliano ni malaika lakini. Mwaka 1986 baadhi ya wafanyabiashara wa kule walichanganya methanoli kwenye mvinyo wa bei poa, watu zaidi ya 20 wakafa na wengine wakapofuka. Tunaojua habari za gongo tunajua methanoli ni nini. Mauzo yao nje yakaporomoka, na imani ya wanunuzi ikabidi ijengwe upya kwa ukaguzi mkali. Kwa hiyo ile heshima iliyoko kwenye kibandiko imelipiwa, na sehemu yake imelipiwa na marehemu.

Sasa ndani ya chupa kunatokea nini? Nitawaeleza kwa lugha ya mtu aliyepata D ya kemia. Kwenye maganda na kokwa za zabibu kuna kitu kinaitwa tanini. Ni kile kinachokufanya mdomo ukaukiane ukila ndizi mbichi, yaani ukakasi. Mvinyo mwekundu mchanga wa zabibu zenye nguvu una ukakasi wa kufa mtu. Ukitulia, tanini na rangi vinashikana taratibu, vinakuwa vikubwa, vingine vinazama chini na kuwa mashapo. Rangi inapungua wekundu, inaelekea tofali. Ukakasi unalainika. Harufu ya matunda mabichi inapotea na nyingine zinazaliwa. Ila si kila mvinyo unaweza. Mwingi duniani umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka au miwili, ukiuweka kumi unapata siki na majuto. Unaoweza ni ule wenye tanini ya kutosha na uchachu wa kutosha, kama mtoto aliyezaliwa na mifupa.

Na masharti ya ghala ni haya: giza, utulivu, unyevu wa wastani ili kizibo kisikauke, na ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15 usiopanda na kushuka. Hapo ndipo Maswa tunafeli. Mchana wa Septemba huku, bati linalia, ndani ya nyumba ni kama tanuri. Chupa ikikaa kwenye joto la nyuzi 30 inazeeka haraka na vibaya, inapikika. Ndiyo maana Ulaya walichimba chini. Ardhi haina haraka ya kupata joto.

Mimi nimeionja mara moja tu. Mwaka jana huko Dodoma, baba wa rafiki yangu wa darasani, mzee aliyefanya kazi ya ufundi kwenye mitambo ya kusindika zabibu kwa miaka mingi, alikuwa na chupa aliyoachiwa na mgeni wa Kiitaliano. Ilikuwa Taurasi ya 2007. Aliihifadhi kwenye shimo alilolichimba stoo na kulijengea kwa tofali, juu akafunika kwa mbao na gunia alilokuwa akilimwagia maji. Binti yake alipohitimu, mzee akasema leo ndiyo siku. Alikuwa ameisimamisha chupa tangu jana yake ili mashapo yashuke. Kizibo kilitoka vipandevipande. Akaumimina polepole mno kwenye jagi la kioo, taa ya simu ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, na alipoona weusi wa mashapo unakaribia akaacha. Kwenye jagi ulikuwa mwekundu wa katikati, pembeni kama udongo wa kichuguu.

Harufu? Nitasema nilichosikia, msinicheke. Kwanza stoo ya ngozi. Halafu tumbaku kavu. Halafu, baada ya dakika kama ishirini, kitu kama ukwaju uliokaa sana na kachumvi kwa mbali. Mdomoni ukakasi ulikuwepo, ila ulikuwa kama mtu mzima anayekusalimia bila kupandisha sauti. Tukaufuata na glasi ya mvinyo mchanga wa Dodoma kulinganisha, na ule ulikuwa tunda tupu, mkali, unaruka-ruka. Sikusema mmoja ni mbaya. Mzee akasema neno nililoliandika kwenye daftari usiku ule: "Huu wa kwetu haujakosa damu, umekosa nafasi ya kulala."

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia. Taurasi inatoka wapi? Campania! Mkoa uleule wa Falernum ya Warumi. Zabibu yake inaitwa Aglianico, na kwa sheria yao Taurasi lazima ikae si chini ya miaka mitatu. Na je, Aglianico imewahi kupandwa wapi tena? Hombolo, Dodoma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mwitaliano Fiorenzo Chesini alianzisha kampuni ya CETAWICO pale Hombolo, na pamoja na zabibu ya kienyeji ya Makutupora wakaotesha aina za kwao kama Aglianico na Teroldego. Yaani mvinyo ambao karne ya 1 ulikuwa unapita Bahari ya Shamu bila kutugusa, miaka 1,900 na ushee baadaye mche wake umeshikwa na mkulima wa Kigogo.

Ila mzabibu wenyewe ulitangulia. Dodoma ni eneo la wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wapasionisti kutoka Italia, waliofika miaka ya 1930. Roma ilianzisha jimbo la kimisionari la Dodoma mwaka 1935. Kanisa Katoliki haliwezi kuadhimisha misa bila divai, tena sheria yake inataka iwe ya zabibu halisi isiyoharibika. Divai ya kuletwa kutoka mbali ni gharama na ni wasiwasi. Mwaka 1957 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa kilimo cha zabibu pale Bihawana, kwenye misheni. Baada ya uhuru serikali ikalibeba zao, ukaja utafiti Makutupora, na kampuni ya umma DOWICO ikawa inasindika. Hali ya hewa ilisaidia: kavu, mvua ndogo, mchanga usiotuamisha maji, hivyo ugonjwa wa ukungu unapungua, na kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mti unavunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya ni mara moja tu.

Sasa mwanahistoria anatakiwa aulize: mbona si Maswa? Kwetu nako kuna ukame. Jibu langu ni kwamba hali ya hewa peke yake haipandi mti. Anapanda mtu anayeujua. Huku kwetu Wamisionari wa Afrika walitangulia, wakiwa Bukumbi kusini mwa Mwanza tangu 1883, na eneo la Shinyanga, ambalo Maswa ilikuwa ndani yake, likachukuliwa mwaka 1954 na mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani. Na kufikia hapo Maswa ilikuwa tayari ina zao lake la biashara, pamba, na reli ya Tabora–Mwanza ya 1928 inayopita Malampaka ilikuwa inalisomba. Dodoma ilipata Waitaliano na mizabibu, sisi tukapata marobota.

Na hapa ndipo habari inakuwa ya nyumbani. Baba mdogo, mkulima wa pamba tangu nazaliwa, amesikia kwamba zabibu zinalipa. Nilipofika tu akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma hukohuko Dodoma. Ukirudi chuo nitumie pingili za mizabibu kwenye basi. Nang'oa ekari mbili za pamba." Na anamaanisha, hela ya msimu ameitenga. Ana watoto wawili sekondari. Nikisema tuma, anatuma. Mimi ndiye msomi wa ukoo, neno langu linabebwa kama risiti. Kwa hiyo wiki hii nimekuwa nasoma historia kwa hofu, si kwa ajili ya mtihani.

Nilichokiona ni hiki. Mzabibu haukupi mavuno ya maana kabla ya mwaka wa pili au wa tatu. Hilo baba mdogo anaweza kulivumilia. Lakini siku zabibu zikiiva, saa inaanza kukimbia. Siku chache tu kwenye joto zinaanza kuoza. Huko Dodoma kwenyewe, kwenye viwanda, kuna misimu wakulima wamelia zabibu zinaharibika shambani kwa kukosa mnunuzi, na DOWICO ilipoanguka miaka ya 1990 wengi waling'oa mizabibu. Mkulima ambaye mzigo wake unaoza kesho hana bei. Bei anayo mwenye tangi. Mwenye tangi anakamua, anapata mchuzi wa zabibu, anaweza kungoja wiki. Mwenye mapipa anangoja mwaka. Mwenye ghala la chini Montalcino anangoja miaka mitano, familia ya Biondi-Santi imengoja zaidi ya mia. Na ukiangalia vizuri, kadiri mtu anavyoweza kungoja ndivyo faida inavyomfuata. Tunda ni lilelile.

Pamba ilishatufundisha somo hili. Kabla ya 1955 mkulima wa Usukuma alikuwa anapeleka pamba kwa mnunuzi binafsi, mizani ni ya mnunuzi, bei ni ya mnunuzi. Wakaungana. Chini ya kina Paul Bomani ukaundwa mwaka 1955 ushirika mkuu, Victoria Federation of Co-operative Unions. Wakashika mizani, wakashika maghala, wakapata vinu vyao vya kuchambulia. Kwa maneno ya mada yetu ya leo, wakulima walijenga ghala lao la mvinyo. Ushirika ulikuja kuingiliwa na kuharibika, vyama vikuu vikafutwa 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, soko likafunguliwa 1994... hiyo ni insha nyingine. Ila hoja ya msingi ilikuwa sahihi: mwenye pa kuweka ndiye mwenye sauti. Hata mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, umejengwa juu ya wazo hilohilo. Mkulima anaweka mzigo ghalani, anabaki na karatasi, mzigo unangojea mnada badala ya kumngojea mchuuzi mmoja barazani.

Kwa hiyo jana jioni nilikaa na baba mdogo chini ya mwembe nikamwambia wazi. Shikamoo baba, pingili sitatuma za ekari mbili. Kutoka hapa hadi tangi la mchuzi wa zabibu ni safari ya zaidi ya siku ukihesabu kupakia na kusubiri, na zabibu haisubiri. Pamba unaweza kuilaza ndani mwezi ukabishana bei. Dengu na choroko vivyo hivyo. Nikamwambia, kama unataka, nitakutumia pingili kumi za kula wajukuu, upande karibu na kisima, tuone udongo unasemaje. Hela ya ekari mbili iache. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo wao wanatajirika kwa kukaa tu?" Nikasema hapana, wanatajirika kwa kuwa na pa kukaa. Akacheka, akasema chuo kimenifundisha maneno. Sijui atafanya nini msimu ukianza, hela ni yake na uamuzi ni wake, ila nimesema.

Jumatatu narudi darasani na lile swali la binti wa dawati la nyuma. Nitamwambia kwamba mvinyo wa Rhapta huenda ulitoka Muza. Halafu nitawauliza wao swali jingine la kuandikia: pale ufukweni, kati ya aliyeleta mtungi wa takrima na aliyekuwa na pembe za tembo, nani alikuwa na haraka? Meli ya mgeni ilikuwa inangojea pepo za kurudi, na pembe haziozi. Mwenyeji angeweza kungoja msimu mzima. Na huo mtungi, mimi nadhani, uliletwa ili asikumbuke hilo.

Hayo ndiyo yangu wadau. Wana Dodoma mlioko karibu na mashamba, na ninyi wa kozi za kilimo, semeni kama nimewapunja wakulima wa zabibu. Nawakilisha.